Fidia ya Mahakamani na Kodi: Mwongozo kwa Watu wa Magara

Watu wa kwetu, huku Magara nchini Burundi, huuliza habari za kodi siku fedha zinapotoka. Kesi imekwenda miaka, hukumu imesomwa, kampuni ya bima au mwajiri wa zamani amemwita mtu aje achukue chake, ndipo roho inaanza kumdunda: ofisi ya mapato, OBR, watakata ngapi? Mara nyingi jibu lilishaandikwa zamani, siku ile alipopeleka madai yake na kutaja kitita kimoja tu, "naomba milioni 10", bila kusema milioni hizo ni za nini. Mwongozo huu nimeuandika kwanza kwa ajili ya mtu ambaye kesi yake bado iko sentare, yaani mahakamani, au anayefikiria kuifungua. Aliyekwisha kushinda naye atapata la kumsaidia, ila nafasi yake ya kurekebisha mambo ni finyu zaidi.

Tuanze na haki yenyewe. Kudai fidia hapa kwetu kunasimama juu ya amri ya 30 Julai 1888, iliyoandikwa kwa ajili ya Kongo na baadaye ikaja kutumika Burundi: ibara ya 258 ya Kitabu cha Tatu cha sheria ya madai. Inasema kwamba mtu akimletea mwenzake madhara kwa kosa lake, ni juu yake kuyarekebisha. Ndugu zetu wa Baraka na Uvira, upande wa Kongo ng'ambo ya ziwa, wanategemea ibara hiyo hiyo. Kazi ya fidia ni kumrudisha aliyeumizwa karibu na pale alipokuwa kabla ya kuumizwa. Haikukusudiwa kumtajirisha.

Upande wa kodi tuna sheria ya kodi ya mapato ya 24 Januari 2013, iliyorekebishwa tarehe 24 Desemba 2020, na msimamizi wake ni OBR, ofisi ya mapato iliyoundwa 2009. Kama jina lake linavyosema, sheria hiyo inafuata mapato: mshahara wa kazi, faida ya biashara, matunda ya mitaji kama riba na gawio, na pango la nyumba. Weka sheria hizi mbili bega kwa bega, utaliona swali unalopaswa kujiuliza kabla ya kuuliza kiasi: fedha hizi zimeingia badala ya nini? Zikiingia badala ya mshahara, zitatendewa kama mshahara. Zikiingia badala ya faida ya duka, zitaandikwa kwenye faida ya duka. Zikiingia badala ya mguu uliovunjika, basi mguu haujawahi kuwa mapato ya mtu.

Hukumu moja inaweza kubeba fedha za aina tatu au nne kwa pamoja. Hakimu akiandika jumla tu, umebaki na gunia moja lenye mchele, maharage na ndagala, na kila atakayekuja kulipima atalipima kwa namna inayomfaa yeye. Mwombe avoka (wakili) wako, au karani anayekuandikia madai, atenganishe kila fungu na kiasi chake, kisha umwombe hakimu ayatenganishe hivyo hivyo katika hukumu. Katika ushauri wote nitakaoutoa hapa, huu ndio ningependa uukumbuke hata ukisahau mwingine.

Ajali ya barabarani

Barabara ya Taifa namba 3, inayotoka Bujumbura kwenda Rumonge na Nyanza-Lac, inapita Magara ikiwa imebanwa kati ya mlima na maji. Pikipiki, baiskeli zilizobeba mawese, watoto wa shule na malori hugombania nafasi ileile. Bima ya gari kwa ajili ya madhara kwa watu wengine ni ya lazima Burundi, kwa hiyo mara nyingi mlipaji huwa kampuni ya bima. Gari likiwa limetoka nje, uliza kama lina Kadi ya Manjano ya COMESA, ile bima ya gari inayovuka mipaka. Tanzania iliwahi kujitoa COMESA, lakini katika mpango huo wa kadi imo. Nakili namba ya kadi hiyo papo hapo, kabla dereva hajaondoka.

Madai ya namna hii yawe na mafungu yake: gharama za matibabu, maumivu, ulemavu uliobaki, vitu vilivyoharibika, na mapato uliyokosa ulipokuwa kitandani. Manne ya kwanza hayafanani na mapato hata kidogo. Aliyelipiwa dawa amerudishiwa fedha zilizotoka mfukoni mwake. Aliyelipwa kwa ajili ya mkono wake hakufanya biashara ya kuuza mkono. Hata ile tunayoiita kwa Kirundi indishi z'akababaro, fedha ya kumfariji mtu kwa uchungu, haitokani na kazi wala mtaji.

Fungu la tano ndilo lenye mtego. Mapato uliyokosa yangetozwa kodi kama ungeyapata, kwa hiyo hapa ndipo ofisa wa kodi anaweza kukuuliza maswali. Fungu hilo lifungwe kwenye jeraha: cheti cha daktari kitaje tarehe ambazo hukuweza kufanya kazi, na hukumu iseme kwamba hasara hiyo ilitokana na kuumia.

Mtego huo una upande wa pili ambao watu wengi hawauoni, kwa kuwa unakuja kupitia kwa mdaiwa. Mwaka 1955 mahakama ya juu ya Uingereza iliamua kesi ya mhandisi aitwaye Gourley, aliyeumia katika ajali ya treni. Kwa mapato aliyopoteza alikuwa amepewa pauni 37,720. Mahakama ikasema: fidia yenyewe haitozwi kodi, lakini mapato aliyoyapoteza yangetozwa kodi kubwa, kwa hiyo tukimpa yote tutakuwa tumempa zaidi ya alichopoteza. Fungu lile likashuka hadi pauni 6,695. Hukumu hiyo haiwafungi mahakimu wetu, lakini hoja yake ni ya akili ya kawaida, na avoka wa kampuni ya bima anaweza kuileta hata bila kuitaja kwa jina. Jiandae. Peleka karatasi za mshahara zinazoonyesha kiasi kabla ya makato na baada ya makato, na useme wazi unadai kipi. Ukidai kile cha baada ya makato, hukumu iseme hivyo, ili kodi isikatwe tena mara ya pili kwenye fedha ambazo tayari zimepunguzwa.

Ajali ikitokea ukiwa kazini na umeandikishwa INSS, shirika la hifadhi ya jamii, kuna malipo ya ajali za kazini yanayotoka huko. Yaweke kando na madai yako dhidi ya mwenye kosa, yasihesabiwe kama kitu kimoja.

Kesi na mwajiri

Hapa ndipo watu wa hali ya chini hupoteza fedha nyingi, tena bila mtu yeyote kuwaibia. Tuseme ulikuwa mfanyakazi katika kiwanda cha mawese, mshahara wako faranga 140,000 kwa mwezi. Uliachishwa kazi bila sababu, ukashtaki, na sentare imeamuru ulipwe mshahara wa miezi 24. Jumla ni faranga 3,360,000.

Sasa chukua viwango vilivyopangwa na sheria ya 2013: mshahara wa mwezi usiozidi 150,000 hautozwi, kutoka hapo hadi 300,000 hutozwa asilimia 20, na zaidi ya 300,000 hutozwa asilimia 30. Mhasibu wa kampuni akiziweka zile 3,360,000 kama mshahara wa mwezi mmoja, hesabu yake itakuwa hivi: 150,000 za kwanza hazina kitu, 150,000 za pili zinatoa 30,000, na 3,060,000 zilizobaki zinatoa 918,000. Umekatwa faranga 948,000. Akizigawa kwa miezi yake, kila mwezi ni 140,000, uko chini ya kiwango, na kodi ni sifuri. Mtu ni yuleyule, na fedha ni zilezile. Tofauti ya karibu milioni moja imetokana na namna mstari ulivyoandikwa.

Ndiyo maana nasema hukumu isiandike "mishahara ya nyuma: 3,360,000" ikakomea hapo. Iandike 140,000 kwa kila mwezi, kuanzia mwezi fulani wa mwaka fulani hadi mwezi fulani. Kabla ya kupokea, mwandikie mwajiri barua ukimwomba akate kodi kwa kufuata miezi iliyoandikwa katika hukumu, na ubaki na nakala yenye sahihi au muhuri wa aliyeipokea. Viwango nilivyovitaja huweza kuguswa na sheria ya bajeti, na mwaka wa bajeti yetu huanza Julai, kwa hiyo waulize OBR viwango vya wakati wako. Hoja ya kugawa kwa miezi haibadiliki, hata viwango vikibadilika.

Fungu la notisi ambayo hukupewa na la likizo ambayo hukuchukua yamezaliwa na mkataba wa kazi, nayo yatafuata njia ya mshahara. Vipi kuhusu ile fidia ya kuachishwa kazi kwa uonevu? Watu hufikiri kwamba ikishaitwa fidia imeepuka. Tazama majirani. Nchini Kenya, sheria ya ajira ya 2007, kifungu cha 49, inaruhusu fidia ya hadi mishahara ya miezi 12, na kifungu hicho hicho kinasema malipo hayo yakatwe makato ya kisheria. Sheria ya kodi ya mapato ya Tanzania ya 2004 nayo inayahesabu malipo ya kupoteza kazi kuwa ni mapato ya ajira. Ukiwa na shauri la kazi Kigoma au Nairobi, usipange matumizi ya jumla yote iliyosomwa. Panga kwa kitakachobaki. Hata hapa nyumbani, kesi za kazi zikiongozwa na sheria ya kazi ya 24 Novemba 2020, jipange ukijua kwamba kilichozaliwa na mkataba wa kazi kina sura ya mshahara.

Lakini kama mwajiri alikutangaza mwizi sokoni na baadaye ukaonekana huna kosa, hilo si jambo la mkataba. Heshima haikuwa kwenye karatasi ya mshahara. Fidia ya kuchafuliwa jina idaiwe peke yake, kwa maelezo yake na mashahidi wake, isimezwe na fedha za kuachishwa kazi.

Na mwajiri anapokata, dai karatasi inayoonyesha amekata kiasi gani na amekipeleka OBR. Kodi iliyokatwa ikabaki kwenye droo ya kampuni inaweza kukuletea usumbufu wewe.

Chombo cha uvuvi, duka na biashara

Mfanyabiashara anayeweka vitabu ana hesabu ya namna nyingine. Tuseme mota ya boti uliinunua kwa milioni 6. Kwa miaka kadhaa umekuwa ukiipunguza thamani katika vitabu vyako, jumla milioni 4, na kila mwaka ukapunguziwa kodi kwa sababu hiyo. Katika vitabu imebaki na thamani ya milioni 2. Boti ya mwingine ikaigonga usiku na kuizamisha, na sentare ikakupa milioni 5. Milioni 2 kati ya hizo zimeziba pengo la kitabuni. Milioni 3 zilizozidi zinaonekana kama faida ya biashara, na mhasibu wa kweli hatakuficha hilo. Utaumia, kwa kuwa mota mpya haipatikani kwa milioni 2. Hata hivyo ile nafuu ya kodi ya miaka ya nyuma ulishaila, na hesabu inairudia.

Faida uliyokosa kwa wiki ulizokaa bila kwenda ziwani, ukilipwa, ni faida tu kama ile ya samaki wa mukeke uliowauza. Iandike kwenye mapato ya mwaka uliolipwa. Mvuvi asiye na vitabu vyovyote yuko kwenye taabu nyingine: hana cha kuthibitisha hasara mbele ya hakimu, na hana cha kumtenganishia chombo na mapato mbele ya OBR. Daftari la mauzo ya ndagala, hata la kurasa za mraba la watoto wa shule, lina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Kuhusu TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ile asilimia 18: fidia ya madhara si bei ya kitu kilichouzwa, hivyo haiongezewi TVA. Ila ukishtaki kwa sababu mteja hakulipa bei ya mzigo uliompa, ulichoshinda ni bei yenyewe, na TVA yake iko palepale.

Nyumba na michikichi iliyokuwa njiani

Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za kutengeneza kilomita 45 za barabara kati ya Gitaza na Rumonge, katika mradi mmoja na ule wa Kabingo hadi Manyovu upande wa Tanzania. Magara iko katika kipande hicho. Barabara ikipanuliwa, kuta, vibanda, miembe na michikichi huhesabiwa, na wenyewe hulipwa. Malipo hayo hayatoki kwa hakimu isipokuwa mkikosana kuhusu kiasi, lakini swali la kodi ni lilelile.

Katiba yetu inasema mtu asinyang'anywe mali yake kwa manufaa ya umma bila kulipwa fidia ya haki, tena kabla ya kuondolewa. Fidia ya nyumba uliyokuwa ukilala ni nyumba hiyo iliyogeuzwa noti. Ikikatwa nusu njiani, haiwezi tena kukununulia nyumba kama ile, na neno "haki" linapoteza maana. Hoja hiyo nisingeiachia kwa urahisi mbele ya ofisi yoyote. Pango la vyumba ulivyokuwa umepangisha ni jambo jingine: ukilipwa kwa miezi ya pango iliyopotea, hayo yalikuwa mapato. Kwa hiyo katika karatasi ya tathmini jengo liwe mstari wake, miti mstari wake, mavuno ya msimu mstari wake, pango mstari wake. Usitie kidole wala sahihi kwenye jumla tupu.

Tuna pia wale waliorudishiwa mashamba. Tume ya ardhi na mali nyingine, CNTB, iliyofanya kazi tangu 2006 hadi muda wake ulipokwisha 2022, ilishughulika sana na mashamba ya Rumonge ya watu waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Kurudishiwa shamba lako si kupata mapato. Mawese utakayoyauza kutoka katika shamba hilo yana habari yake.

Riba, tozo na mapatano

Mdaiwa akichelewa kulipa, sentare inaweza kuongeza riba. Riba hailingani na jeraha, inalingana na fedha iliyokaa kwa mtu, na hukaribia zaidi matunda ya mitaji. Iandikwe mbali, isije ikaichafua fidia ya mguu wako.

Kuna kitu kingine kinachopunguza fedha na watu hukiita kodi ingawa si kodi ya mapato: tozo ya mahakama inayohesabiwa kwa asilimia ya kiasi ulichopewa, wenyewe wakiiita kwa Kifaransa droit proportionnel. Muulize karani mapema ni kiasi gani na nani anaitanguliza, kisha udai risiti.

Mkimalizana kwa kupatana, mbele ya bashingantahe (wazee wapatanishi) au kwa avoka, kanuni ni zilezile. Hapo una nguvu kuliko ulivyo mbele ya hakimu, kwa sababu maneno mnaandika wenyewe. Weka sentensi inayosema kama kiasi mlichokubaliana ni kabla au baada ya kodi, na nani anailipa. Ila msitunge uongo. Mishahara ya nyuma haigeuki kuwa maumivu ya mgongo kwa kuwa mmekubaliana kuiita hivyo, na ukishikwa, deni na faini vitakuwa vyako.

Ndugu walio Marekani

Tangu 2007 maelfu ya wakimbizi wa 1972 waliokuwa makambini Tanzania walipelekwa Marekani, na wengi wana jamaa huku ziwani. Wao wana sheria yao. Fidia ya kuumia mwilini haitozwi kodi ya mapato ya serikali kuu, lakini tangu mabadiliko ya 1996 neno "mwilini" limeandikwa waziwazi: fidia ya uchungu wa moyo isiyotokana na jeraha hutozwa, na fedha za kumwadhibu mkosaji hutozwa pia. Mwaka 2005, katika kesi ya Banks, mahakama ya juu ya huko iliamua kwamba hata sehemu ya fidia inayokwenda moja kwa moja kwa wakili huhesabiwa kwanza kama mapato ya mteja, pale fidia hiyo inapokuwa ya kutozwa. Mwambie ndugu yako aonane na mhasibu kabla ya kutia sahihi, na kabla hujamwomba bati za nyumba.

Karatasi za kuweka

Pata NIF, namba ya mlipa kodi, mapema. Chukua nakala ya hukumu iliyothibitishwa, ile yenye mafungu, na uhifadhi pamoja vyeti vya daktari, risiti za tozo, barua kwa mwajiri na karatasi ya makato. Kama fungu lolote lina utata, waulize OBR kwa maandishi kabla mwaka wa kodi haujaisha, ukiwawekea nakala ya hukumu. Jibu la mdomo la ofisa wa leo halimfungi ofisa wa mwakani. Fidia ya marehemu iambatane na karatasi ya baraza la familia yenye majina ya warithi wote, wajane na watoto wa kike wakiwemo.

Fedha zipokee kupitia benki au COOPEC, chama cha akiba na mikopo. Juni 2023 Benki Kuu ilipoondoa noti za zamani za 5,000 na 10,000 kwa muda wa siku chache tu, waliokuwa na fidia chini ya godoro walihangaika kueleza zimetoka wapi. Aliyepokea kwa akaunti ana mstari mmoja unaosema siku, kiasi na mlipaji.

Mwisho, angalia jina la mahali. Bugarama, komini yetu ya zamani, ilikuwa Bujumbura Vijijini hadi 2015, ikaingia mkoa mpya wa Rumonge, na sheria ya 2023 imeifanya mikoa 18 ya nchi kuwa 5. Kesi iliyofunguliwa zamani inaweza kutaja mkoa mmoja, kitambulisho chako mwingine, na akaunti yako wa tatu. Kabla hujakwenda dirishani, mwombe karani wa sentare akuandikie hati fupi kwamba mtu huyo ni mmoja na Magara hiyo ni moja.